Kwa nini uchaguzi wa Marekani unatukosesha usingizi watu tusio na kura kule?

Mwanakombo_Tanga | 6 Novemba 2024, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wakuu.

Leo saa saba na nusu mchana tulikuwa chumba cha walimu. Ugali umeshapakuliwa, dagaa wapo, na hakuna anayekula. Simu nne mezani, zote zimefunguliwa ramani ileile, nyekundu na bluu. Ilipotangazwa kwamba Trump amevuka kura 270 za wajumbe wa majimbo, zinazompa mtu urais kule, mwalimu wa hesabu akasukuma sahani yake na kusema, "Haya, tumekwisha." Mwalimu wa dini akamuuliza, "Tumekwisha sisi nani?" Swali likabaki hapo, kengele ikalia.

Nimerudi nalo nyumbani. Wiki iliyopita tu Botswana wamekiangusha chama kilichotawala tangu uhuru wa 1966, rais akakubali kushindwa kabla hata kura hazijaisha kuhesabiwa. Sikuona mtu akiacha chakula. Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma tu hapo, watu wako barabarani tangu matokeo ya Oktoba na wanakufa. Chumba cha walimu kimya. Pennsylvania, jimbo la kule Marekani, ndiyo inatukosesha hamu ya kula, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga.

Naomba majibu ya kweli. Hofu hii inatoka wapi? Na je, ni yetu, au tumeiazima kwenye televisheni za wenyewe?

---

KijanaKongowea | 6 Nov, saa 2:31 usiku

Siti ya mbele nimekaa.

Mwalimu, jibu ni dola. Mimi nauza mitumba. Belo linakuja kwa bei ya dola, meli inalipwa kwa dola, na dola ikikohoa huko mimi napata homa huku. Mwaka 2016 Trump alipomshinda Clinton, peso ya Mexico ilianguka zaidi ya asilimia kumi usiku mmoja. Usiku mmoja! Mtu amelala na pesa za mzigo mzima, kaamka mzigo umepungua na hajafanya kosa lolote. Hata mwalimu wa hesabu silioni kosa lake.

---

Chombeza | 6 Nov, saa 2:40 usiku

Ugali wa hao walimu uliishia wapi? Tuanzie hapo kwanza.

Halafu Mwanakombo, tarehe 27 mwezi huu tuna uchaguzi wa serikali za mitaa. Hao wenye simu nne mezani wamejiandikisha?

---

Mwanakombo_Tanga | 6 Nov, saa 2:52 usiku

Chombeza, umegusa kidonda. Niliwauliza. Kati ya sita tuliokuwepo tumejiandikisha wawili. Wa hesabu hajajiandikisha, lakini anayajua majimbo yote saba yenye ushindani mkali kwa majina na idadi ya wajumbe wake.

Ugali walikula watoto wa bwenini.

---

MzeeWaTakwimu | 6 Nov, saa 3:15 usiku

Nimeusoma uzi. KijanaKongowea, la peso ya 2016 ni kweli, ila malizia habari. Asubuhi ileile soko la hisa la Tokyo lilishuka zaidi ya asilimia tano, na kesho yake likapanda na kurudisha yote na zaidi. Leo, mtu huyohuyo kashinda, Tokyo imepanda. Peso imetikisika, lakini si kama siku ile, na Rais Sheinbaum amewaambia Wamexico hakuna sababu ya kuhofu. Kama hofu yote ni dola, basi wenye dola zao wameshaizoea. Kwa nini sisi hatujaizoea?

Nakumbuka 2016 balozi wa Ufaransa kule Washington, Gérard Araud, aliandika usiku wa matokeo kwamba dunia inaporomoka mbele ya macho yetu, kisha akayafuta. Merkel, Kansela wa Ujerumani wakati ule, alimpongeza Trump kwa masharti: tutashirikiana kwa msingi wa demokrasia, uhuru, na kuheshimu utu wa mtu bila kujali anakotoka, rangi yake wala dini yake. Mtovuti wa uhamiaji wa Canada ulizidiwa na watu ukaanguka. Mwaka huu Rais Macron wa Ufaransa na wenzake wamewahi kupongeza kabla jogoo hajawika. Woga upo, ila sasa umevaa suti.

---

KijanaKongowea | 6 Nov, saa 3:20 usiku

"Mtovuti" ndiyo nini mzee?

---

MzeeWaTakwimu | 6 Nov, saa 3:22 usiku

Tovuti. Vidole vya uzeeni.

---

MbeyaHadiBerlin | 7 Nov, saa 1:05 asubuhi

Salaam kutoka Berlin. Sijalala vizuri, nieleze kwa nini.

Kazi yangu ni kulea wazee. Jana asubuhi niliingia kwa bibi mmoja, ana miaka 85. Kawaida nikifika namkuta ameshaketi dirishani anasubiri kahawa. Jana nilimkuta jikoni amefungua kabati la chini, anahesabu makopo. Supu ya dengu, maharage, samaki. Ananiambia, mwanangu, wakati Warusi walipofunga njia zote za kuingia mjini, mwaka 1948, mimi nilikuwa na miaka tisa. Ndege za Wamarekani ndizo zilizotuletea unga na makaa, zilikuwa zinatua uwanja wa Tempelhof moja baada ya nyingine. Sasa nani atakuja?

Sikuwa na jibu. Nikamsaidia kupanga makopo.

Mnaosema hofu ya Ulaya ni ya televisheni, huyu bibi haangalii televisheni, macho hayaoni. Februari mwaka huu Trump alisimama South Carolina akasema nchi ya NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na Ulaya, isiyolipa kinachotakiwa, angewaambia Warusi wafanye wanalotaka. Neno hilo huku halijasahaulika. Ukraine si mbali, wakimbizi wake ni majirani zangu wa ghorofa.

Na jana usiku, kabla hatujamaliza kuzungumzia Trump, Kansela Scholz akamfukuza waziri wake wa fedha na serikali ya muungano ikavunjika. Siku moja hiyo.

---

Chombeza | 7 Nov, saa 2:00 asubuhi

Pole sana mkuu, na mpe pole bibi. Lakini hao NATO si wamezoea kulindwa bure tu? Marekani ikivamiwa wao walishawahi kwenda kumsaidia?

---

MzeeWaTakwimu | 7 Nov, saa 2:25 asubuhi

Hapo umechemka, Chombeza. Kile kifungu cha tano, kwamba akishambuliwa mmoja wameshambuliwa wote, kimetumika mara moja tu tangu NATO iundwe 1949. Kilitumika kuilinda Marekani, baada ya Septemba 11, 2001. Wajerumani, Waingereza, Wadenishi na wengine walikwenda Afghanistan na wakazika vijana wao.

La kulipa ana hoja, hilo tuseme kweli. Nchi nyingi zilikaa miaka chini ya asilimia mbili ya pato lao walizokubaliana kutumia kwenye ulinzi. Poland sasa imepita nne, nayo haiko mbali na moto.

---

BabaNuru_Minnesota | 7 Nov, saa 6:40 mchana

Niwape ya ndani kidogo. Niko huku mwaka wa kumi na mbili, nina kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi huku, kura sina.

Nyie wa nje mnatazama mdomo wa Trump. Watu wa huku wengi walikuwa wanatazama risiti ya dukani. Tunafanya zamu ya usiku na dada mmoja, mama wa watoto watatu, amempigia Trump. Si mtu wa chuki, Nuru alipozaliwa yeye ndiye aliyetuletea kitanda cha mtoto. Kilio chake ni mayai na kodi ya nyumba. Bei zilipanda huku, Juni 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.1, na mshahara wake haukupanda nao. Kwake Harris, makamu wa Biden na mgombea wa chama chao cha Democrats, alikuwa serikali iliyopandisha mayai, basi.

Mezani kwetu pia yupo kijana wa Mexico, amezaliwa hukuhuku, ila mama yake hana karatasi za kuishi huku. Jana alikaa na chakula chake hakukifungua. Dada yule akamwambia, "Hawatamgusa mama yako, wanatafuta wahalifu." Naye akamjibu, "Nani atakayewaonyesha tofauti?" Wote wawili wakaondoka mezani, na hao ni marafiki wa miaka.

Kwa hiyo Mwanakombo, wewe unauliza hofu ya nje inatoka wapi. Mimi naona hata hapa ndani watu wawili wanaokula pamoja hawaogopi kitu kimoja.

---

YakheWaMutrah | 7 Nov, saa 1:30 jioni

Asalaam aleikum jamaa.

Niko Muscat, na nasema nilichokiona. Huku sikuona mtu aliyemlilia Harris. Mazungumzo ya baraza tangu mwaka jana ni Gaza, asubuhi Gaza, usiku Gaza, na serikali ya Biden ndiyo iliyokuwa ikiwapelekea Israeli silaha. Tizameni Dearborn, Michigan, mji wa Waarabu wa Marekani, uliokuwa ngome ya Democrats: safari hii Trump kaongoza, na wengine wakampa Jill Stein, mgombea wa chama kidogo cha Kijani, kura zao makusudi. Yakhe, mtu aliyefiwa na jamaa zake hawezi kuambiwa achague kifo kilicho kidogo.

Hofu ipo, lakini ni ya Iran na bei ya mafuta. Na rial yetu imefungwa kwenye dola, tangu miaka ya themanini ni rial moja dola 2.60, haipandi haishuki. Kwa hiyo hoja ya mitumba huku haiingii.

---

KijanaKongowea | 7 Nov, saa 1:41 jioni

Mzee Mutrah, kufungwa kwenye dola si ndiyo kuwa ndani ya dola kabisa? Mwenzako akizama unazama naye. Hoja yangu imeingia mpaka sebuleni.

---

YakheWaMutrah | 7 Nov, saa 1:50 jioni

Haya, umeniweza. Karibu halwa.

---

DaPili | 8 Nov, saa 4:12 usiku

Sijawahi kuandika hapa, huwa nasoma tu. Lakini mnaposema hofu ya kuazima inanikereketa.

Mei 2019 niliingia kwenye tovuti ya bahati nasibu ya visa ya Marekani, nikakuta jina langu limetoka. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na mwiko mkononi. Nikaanza maandalizi: vyeti, pasipoti, pesa za vipimo. Niliuza kiwanja changu cha Chanika, futi sitini kwa themanini, nilichokilipia miaka mitatu kwa biashara ya vitenge.

Tarehe 31 Januari 2020 ikatoka amri ya Trump kwamba Watanzania hawaruhusiwi tena kupitia bahati nasibu. Sisi na Sudan. Mimi nilisikia redioni, nikiwa kwenye daladala, nimeshika bahasha ya vipimo mapajani. Konda ananiuliza, "Dada unashuka?" Nilipitiliza vituo vinne.

Biden aliiondoa amri hiyo siku ya kwanza tu, Januari 2021, lakini ushindi wangu ulikuwa wa mwaka ule na ulishakufa. Kiwanja sasa kina nyumba ya mtu, ina bati la kijani.

Kwa hiyo mwalimu wa hesabu asichekwe. Mimi sikuwa na kura, na uchaguzi wao uliniuzia kiwanja.

---

Mwanakombo_Tanga | 8 Nov, saa 4:30 usiku

DaPili, pole sana dada. Ahsante kwa kuandika. Nimeisoma mara mbili.

---

Chombeza | 8 Nov, saa 4:44 usiku

Pole Da Pili. Mimi leo sitanii.

---

NesiNjombe | 9 Nov, saa 12:20 asubuhi

Naongeza langu. Nipo kliniki ya CTC, ya wenye virusi vya UKIMWI, mkoa wetu unaongoza nchini kwa maambukizi. Makopo ya ARV ninayogawa kila siku yanategemea fedha za nje, zikiwamo za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Safari hii Bunge lao liliuongezea mpango huo mwaka mmoja tu badala ya mitano, mwisho Machi 2025. Hapo ndipo jicho langu lilipo.

Jana mteja mmoja, mzee wa parachichi, kaniuliza kama anaweza kupewa ya miezi sita badala ya mitatu. Nikamuuliza kwa nini. "Nasikia Mmarekani amebadilika." Anaishi kijijini, redio ya betri. Hofu imemfikia na anaijua kwa idadi ya vidonge.

---

MzeeWaTakwimu | 9 Nov, saa 1:02 asubuhi

NesiNjombe, kwa haki ya historia: PEPFAR iliasisiwa na Bush, wa Republican, chama hichohicho cha Trump, mwaka 2003. Na miaka minne ya Trump ya kwanza dawa ziliendelea kuja. Mwambie mzee asiuze parachichi zake kwa hofu.

---

NesiNjombe | 9 Nov, saa 1:10 asubuhi

Nimemwambia hivyohivyo, mzee wangu. Ila nimemwambia nikiwa sina uhakika, na mgonjwa huiona sura ya nesi kabla hajasikia maneno yake.

---

KijanaKongowea | 9 Nov, saa 5:00 asubuhi

Mimi bado nina swali la mfumo wenyewe. Taifa kubwa vile, aliyepata kura nyingi za wananchi anaweza kushindwa? Clinton 2016 alimzidi Trump karibu milioni tatu akaenda nyumbani. Sisi Kenya mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na John Kerry, waziri wao wa zamani wa mambo ya nje, alikuwa hapa kama mwangalizi ametupa alama nzuri. Tuwapelekee waangalizi na sisi.

---

BabaNuru_Minnesota | 9 Nov, saa 9:15 alasiri

Waangalizi wa nje wanakuja huku, wale wa OSCE wa Ulaya, tangu 2002. Hawaandikwi sana tu.

Na safari hii Trump hakuhitaji mlango wa nyuma, anaongoza majimbo yote saba yenye ushindani na amepata zaidi ya nusu ya kura za wananchi.

---

MzeeWaTakwimu | 9 Nov, saa 9:40 alasiri

California bado wanahesabu, wale huchukua wiki. Tusubiri hiyo "zaidi ya nusu".

Na hao waliopata urais bila kuongoza kwa kura za wananchi ni watano: Adams 1824, Hayes 1876, Harrison 1888, Bush 2000, Trump 2016. Bush alipita kwa kura 537 za Florida. Ukumbi mmoja wa harusi hapa mjini unawachukua wote.

---

Mwanakombo_Tanga | 10 Nov, saa 3:00 asubuhi

Nimewasoma wote. Dola, ulinzi, karatasi, dawa, vita. Kila mmoja ana haki na hakuna aliyemjibu mwalimu wangu wa hesabu. Yeye hana belo, hana visa, haumwi, hana ndugu Berlin. Nilimuuliza Ijumaa tukirudi. Akaniambia: "Mwanakombo, mimi naogopa mfano. Januari 6, 2021 niliona watu wanapanda kuta za Bunge la nchi iliyokuwa inatufundisha kukubali matokeo. Aliyekataa matokeo amerudi kwa kura halali. Kesho mkubwa yeyote huku akikataa kushindwa, mabalozi wao watamwambia nini?"

Hilo ndilo linaloniumiza mimi pia. Darasa la uraia nafundisha mimi. Nina ukurasa wa kitabu unaosema aliyeshindwa humpongeza mwenzake, na wanafunzi wana simu.

---

YakheWaMutrah | 10 Nov, saa 4:20 asubuhi

Lakini mwalimu, Botswana si mfano? Umeitaja mwenyewe juu kabisa. Rais Masisi kakubali kushindwa, chama kilikaa miaka 58. Kwa nini mfano wetu mzuri usitutoshe mpaka tuombe wa Washington?

---

MbeyaHadiBerlin | 10 Nov, saa 5:05 asubuhi

Nakazia alichosema Mutrah. Hata hivyo Harris alimpigia Trump simu kesho yake, akakubali mbele ya watu. Huo nao ni ukurasa, Mwanakombo. Wafundishe huo.

---

Mwanakombo_Tanga | 10 Nov, saa 5:30 asubuhi

Nimeandika Botswana ubaoni. Hotuba ya Harris pia.

---

MzaliwaWaFizi | 12 Nov, saa 2:18 usiku

Jambo ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani, niko kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tangu nikiwa mtoto. Naandika kwa simu ya rafiki, mtanisamehe.

Tumeshamaliza mahojiano yote ya kwenda Marekani, familia ya watu sita. Miaka minane tumesubiri. Miaka hii miwili nchi iliyopeleka wakimbizi wengi kuliko zote kule Marekani ni Kongo yetu. Hapa kambini usiku wa kura watu walikesha na redio kama fainali ya kombe.

Naomba kujua kwa wanaojua: mtu aliyekwisha pita kila kitu anaweza kurudishwa?

---

BabaNuru_Minnesota | 12 Nov, saa 4:00 usiku

Ndugu, mpaka Januari 20 sheria ni ya Biden. Ombeni tarehe iwe kabla ya hapo. Mkija huku mtafuteni mtu yeyote wa Kiswahili, hatuwezi kuwapoteza.

---

DaPili | 12 Nov, saa 4:09 usiku

Kaka wa Fizi, usiuze vitu mpaka uone tiketi. Nakuomba.

---

KijanaKongowea | 12 Nov, saa 4:31 usiku

Mwaka 2017 amri ya kwanza ya Trump iliwakuta Wasomali wamekwisha kutolewa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, wako Nairobi wanangoja ndege. Walirudishwa kambini. Sisemi kukutisha ndugu yangu, Da Pili yuko sahihi.

---

MzeeWaTakwimu | 14 Desemba, saa 3:10 asubuhi

Naurudisha uzi juu kwa deni moja. Kura zimekwisha kuhesabiwa. Trump milioni 77.3, Harris milioni 75. Asilimia 49.8 kwa 48.3. BabaNuru, "zaidi ya nusu" imeshuka chini ya nusu. Kura za wajumbe ni 312 kwa 226, nao wanapiga rasmi tarehe 17.

---

BabaNuru_Minnesota | 14 Des, saa 9:00 alasiri

Nimekubali, mzee wangu. Ahsante.

---

MzaliwaWaFizi | 24 Januari 2025, saa 1:55 jioni

Ndugu zangu, tarehe ilikuwa imetoka. Tulikuwa tuondoke wiki ya kwanza ya Februari. Juzi tumeambiwa safari imefutwa, yetu na ya wote. Hatukupewa tarehe nyingine.

Da Pili, nilikumbuka maneno yako, lakini tiketi niliiona kwa macho yangu. Nikauza.

---

MzeeWaTakwimu | 24 Jan, saa 2:20 usiku

Pole mwanangu. Amri ya Januari 20, siku ya kuapishwa, imesimamisha mpango wote wa kupokea wakimbizi. Na ipo nyingine ya siku hiyohiyo iliyosimamisha misaada ya nje siku 90. NesiNjombe, hali yako ikoje? Nilikwambia uwatulize watu, na neno hilo limenikaa rohoni.

---

NesiNjombe | 27 Jan, saa 12:40 asubuhi

Dawa za mwezi huu zipo. Wenzangu wawili wanaolipwa na mradi wameambiwa wabaki nyumbani kwanza. Mzee wa parachichi amekuja tena. Nimempa ya miezi mitatu, akakaa kwenye benchi akaihesabu kopo kwa kopo.

---

DaPili | 27 Jan, saa 3:15 usiku

Kaka wa Fizi, uliuza nini? Umeweza kurudisha chochote?

---

MzaliwaWaFizi | 28 Jan, saa 12:50 asubuhi

Dada, magodoro matatu, sufuria kubwa na kuku. Godoro moja nimelinunua tena, aliyelinunua ameongeza bei. Kuku, aliyemnunua amekataa kumrudisha kwa sababu ameshatotoa. Watoto wanakwenda kila jioni kuviangalia vifaranga, wanasema ni vya kwetu.